Ratiba kama Ahadi: Swali la Maadili katika Stesheni ya Syokimau

Stesheni ya Syokimau, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ilijengwa ili wakazi wa vitongoji vilivyo kando ya Barabara ya Mombasa waache magari yao kwenye maegesho na kuingia Nairobi kwa treni. Mwaka 2017 kituo kikuu cha reli ya kisasa, yaani ile yenye upana wa milimita 1,435, kilifunguliwa jirani, na treni za kutoka katikati ya jiji zikaanza kuwaunganisha abiria na safari za Mombasa. Abiria wa namna hiyo hutegemea saa zilizoandikwa kwenye ratiba, na hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: je, ratiba ni ahadi, au ni makadirio tu?

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alishikilia kwamba ahadi ya uongo hujibatilisha yenyewe, kwa kuwa ikifanywa kanuni ya wote hakuna atakayeisadiki ahadi yoyote. Hoja hiyo, hata hivyo, inamhusu mwenye nia, ilhali shirika la reli halina moyo wa kudanganyia. Fikra za Kiislamu zinasaidia zaidi, kwani dhana ya amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze, hutazama haki ya aliyeamini kabla ya dhamira ya aliyeaminiwa. Abiria aliyeacha gari lake amekwisha kuukabidhi muda wake kwa shirika hilo. Kwa hiyo treni ikichelewa kwa udhuru, lawama huondoka, lakini wajibu wa kumwarifu mapema hauondoki.