Anayetoa alama ni shahidi

Mwanafunzi wangu mmoja alinifuata baada ya darasa akaniuliza: "Ustadhi, gemu yangu wataalamu wameipa alama nyingi. Sasa ina ubaya gani?" Sikuwa nimesema ina ubaya. Nilikuwa nimemuuliza tu ni nani aliyemsifia. Lakini swali lake halikuniacha, kwa sababu anayetoa alama anatoa ushahidi, na ushahidi ni amana.

Tuitazame gemu maarufu ya aina hiyo, Mario Party, iliyotengenezwa na Hudson Soft na kutolewa na Nintendo huko Japani Desemba 1998, kisha Marekani Februari 1999. Wachezaji wanne hurusha dadu kwa zamu, na kila raundi ikiisha hushindana katika mchezo mfupi. Michezo hiyo mifupi ni zaidi ya 50. Wahakiki waliipokea vizuri, lakini kwa sharti. Mkiwa wanne sebuleni ni raha tupu; ukiwa peke yako unakaa kuisubiri mashine imalize zamu zake. Walilalamika pia kwamba bahati ina nguvu mno, mtu aliyeongoza tangu mwanzo ananyang'anywa ushindi dakika za mwisho.

Katika hili la bahati siafikiani nao moja kwa moja. Kwenye bao la kete, fundi humshinda mwanafunzi leo, kesho na keshokutwa. Ndani ya nyumba yenye kijana wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka saba, bahati ndiyo inayomfanya yule mdogo akubali kukaa. (Suala la dadu yenyewe, ambayo wanavyuoni wengi wameikataza hata pasipo fedha, linahitaji makala yake.)

Kubwa zaidi ni viganja. Baadhi ya michezo ile ilimtaka mchezaji azungushe kijiti cha kuongozea kwa kasi kubwa, na watoto wakagundua kuwa kiganja kinazungusha upesi kuliko kidole gumba. Wakatoka malengelenge na michubuko. Wazazi wakalalamika, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York akaingilia, na Machi 2000 Nintendo ikakubali kutoa glavu bure kwa wenye gemu hiyo, pamoja na kulipa dola 75,000 za gharama za jimbo.

Je, mhakiki aliyeisifu alisema uongo? Hapana. Yeye ni mtu mzima, anacheza siku chache, anaandika, anahamia gemu nyingine. Mtoto anacheza likizo nzima. Alishuhudia burudani, nasi tukaupokea ushahidi wake kana kwamba ameshuhudia kila kitu. Kadhi hampokei shahidi hivyo. Humuuliza: uliona nini, ukiwa wapi, na nani? Hata hivyo simwachii mhakiki huru kabisa. Anajua wasomaji wengi wataruka maelezo yake yote na kuitazama namba iliyo chini, na masharti yote aliyoyataja hayaonekani katika namba ile.

Basi nami nikamuuliza kijana wangu maswali ya kadhi. Gemu yake nayo ni ya kuchezwa na watu wengi. "Huwa unacheza na nani?"

Akasema: "Peke yangu, Ustadhi. Baba na mama wanarudi saa tatu usiku."