Mwenye Kungoja Ruhusa ya Safari: Ni Mkaazi au Ni Msafiri?

Kungoja ni katika mambo yanayomkuta kila mwanadamu, lakini si kila kungoja kuna hukumu moja. Yuko angojaye mvua, na yuko angojaye mgonjwa wake apone. Na zama hizi kumezidi kungoja kwa namna nyingine: mtu mwenye elimu ya kazi huiandikia serikali ya nchi ya ng'ambo kuomba viza ya ujuzi, yaani ruhusa ya kuhamia huko kwa ajili ya kazi aijuayo, kisha hukaa miezi, pengine miaka, akitazamia jawabu. Suala litakalo kuangaliwa ni hili: katika muda huo, mtu huyu ahesabiwe vipi? Je, ni mkaazi, na haki zote za mji ziko juu yake? Au ni msafiri aliyekwisha kufunguliwa?

Na upigwe mfano, ili suala lisibaki hewani. Yuko kijana wa pwani aliyesomea uhandisi wa maji, na kazi yake iko Mlali, chini ya milima ya Uluguru, upande wa Morogoro. Nchi ile ni nchi ya nyanya na mboga, na maji yashukayo milimani ndiyo uhai wake. Kijana huyu ataka kuhamia Australia. Hana budi kwanza ujuzi wake upimwe na chama cha wahandisi wa huko, kiitwacho Engineers Australia, na afanye mtihani wa Kiingereza. Kisha hutia jina lake katika daftari iliyofunguliwa na serikali ile mwaka 2012, na jina hukaa humo miaka 2. Wala hawezi kuomba viza yenyewe mpaka aitwe. Na akiitwa, ana siku 60 tu za kupeleka karatasi zake. Huenda akaitwa kesho, na huenda asiitwe kabisa.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Nchi ile huwapima waombaji kwa alama, na umri ni katika alama hizo. Mwenye miaka 25 hata 32 hupewa alama 30. Akifika 33 hushuka mpaka 25. Akifika 40 hushuka mpaka 15. Na akitimiza 45 mlango hufungwa. Basi kungoja huku si kama kungoja embe mtini, ambalo kila likizidi kukaa lazidi kuiva. Hapa siku zipitazo zaweza kumpokonya mtu kile kile akingojacho. Kwa sababu hiyo moyo huingia wasiwasi, na mwenye wasiwasi hutafuta neno la kujipumzishia. Neno lenyewe ni hili: "Mimi ni mtu wa kuondoka."

Neno hili ni fupi, lakini hufungua milango mingi. Bomba likivuja kijijini, husema litatazamwa na atakayekuja baada yake. Akiitwa kwenye shauri la watu, haendi. Deni huahirishwa kwa mshahara wa nchi ambayo hajaikanyaga. Mchumba aliyekwisha kuposwa hawekewi siku wala haachwi huru. Hapana katika hayo lililotendwa kwa ubaya wa moyo. Yote yametendwa kwa hoja kwamba mwenyewe yu njiani. Nayo hoja hiyo ndiyo itakayo kupimwa.

Watu wa pwani wanajua kungoja tangu zamani. Wenye majahazi walikuja na kaskazi kutoka Arabuni, kisha wakakaa Lamu, Mombasa na Unguja mpaka kusi ivume iwarudishe kwao. Siku zile hawakuzihesabu kuwa si katika umri wao. Waliuza na kununua, wakatia vyombo vyao kalafati, wakalipa waliyokopa kabla ya kutweka tanga. Ni kweli kwamba wao waliujua msimu, na mwenye kungoja viza haujui mwezi wala mwaka. Lakini tofauti hiyo haimpi udhuru, yamzidishia wajibu. Ajuaye kwamba ataondoka baada ya miezi 3 aweza kuyapanga mambo yake kwa kipimo hicho. Asiyejua siku, akiyasimamisha mambo yake, ameyasimamisha bila ya mpaka.

Na sharia yenyewe imeliangalia jambo hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, mtu hapunguzi sala kwa kutia nia ya safari tu, wala kwa kufunga mizigo. Hupunguza akiisha kutoka katika mji wake. Na hata msafiri aliyekwisha kutoka, akizuiliwa mahali na haja aitazamiayo kwisha siku yo yote, ana ruhusa ya kupunguza mpaka siku 18. Zikipita, husali kamili, ingawa haja yake haijaisha. Hukumu hii ni ya sala, wala haifai kuivuta iwe hukumu ya kila jambo. Lakini mna mafunzo ndani yake: takhfifu imefungwa na safari, haikufungwa na tamaa ya safari, na kungoja kusikojulikana mwisho kumewekewa mwisho. Wazee nao walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, mkaazi ataliwekaje chini?

Na mfano bora wa mwenye kungoja ruhusa ni Sayyidna Abubakar. Alipoazimu kuhama Makka, Mtume (S.A.W.) alimtaka angoje, kwani alitaraji kupewa ruhusa yeye mwenyewe. Akangoja, na katika kungoja kwake akawalisha ngamia 2 muda wa miezi 4. Basi kujiandaa si kosa. Kijana wa Mlali asome Kiingereza chake usiku na aweke akiba yake. Na usiku wa kuhama, mwaka 622, Sayyidna Ali aliachwa nyuma awarudishie watu amana zao, na watu wale ni wa mji ule ule uliokuwa ukitaka kumwua Mtume. Ikiwa haki za watu kama hao hazikuanguka kwa safari iliyokwisha kuwadia, haki za watu wa Mlali zitaangukaje kwa safari ambayo haijaandikwa?

Lau mtu atasema: je, si busara mtu asijifunge na mambo mapya, naye yumkini ataondoka? Jawabu ni kwamba yapasa kutenga mambo mawili. Lililo la khiari, kama kununua kiwanja au kuanza biashara ya miaka, ana ruhusa ya kuliacha. Lililokwisha kuwa haki ya mtu, hana. Mshahara wa mwezi huu ameupokea kamili. Basi bomba la mwezi huu ni deni juu yake, na mtoto wa Mlali hawezi kunywa maji ya mwakani. Ama mchumba, hapo pana uzito, kwa sababu kuna mtu wa pili ndani ya kungoja kwake. Amwambie yeye na walii wake mambo yote bila ya kuficha: kwamba siku haijui, na huenda isije. Kisha wao wachague kwa kujua. Kujingojesha nafsi yako ni khiari. Kumngojesha mwenzio gizani ni dhulma.

Na yazingatiwe matokeo. Aliyeishi kama mkaazi, ruhusa ikija, huondoka hadaiwi. Isipokuja, yumo katika mji unaomjua na kumtegemea. Ama aliyeishi kama msafiri, akinyimwa ruhusa hujikuta amekosa nchi mbili: ile asiyoipata, na hii aliyoiacha naye yumo ndani yake. Na hata akipewa, miaka aliyoiacha bure haimo katika mizigo yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, na kwake ndiko kutakwako tawfiki.