Shamba la Anathothi
Neno: Yeremia 32:6–27

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, maboma yamekwisha kujengwa dhidi ya kuta zake, na ndani ya mji njaa na tauni vinaua watu kabla ya upanga kuwafikia. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatwaliwa. Sura ya 37 inatueleza riziki yake ilivyokuwa: mkate mmoja kwa siku, kutoka njia ya waokaji, mpaka mikate yote ya mji ilipokwisha. Kwa mtu wa hali hiyo akaja binamu yake Hanameli mwana wa Shalumu, akamwambia nunua shamba langu lililoko Anathothi.

Tupime ombi hilo kama wakulima. Shamba liko nje ya kuta, katika nchi inayokanyagwa na adui. Mnunuzi yuko kifungoni. Isitoshe, Anathothi ni kijiji ambacho watu wake walikuwa wamewahi kuitafuta roho ya nabii huyuhuyu, kama sura ya 11 inavyoshuhudia. Hakuna mzee mwenye busara ambaye angemshauri mwanawe atoe fedha hapo. Yeremia akatoa shekeli 17 za fedha, kama gramu 200 hivi, akanunua.

Nalileta Neno hili kwenu mnaotumika Itumba, Isongole, Bundali na huko Tunduma, kwa kuwa najua huduma zenu zinakula wapi. Sharika za Ileje haziishi kwa akaunti kubwa za benki. Zinaishi kwa mahindi, maharage, kahawa na biashara ndogo ya mpakani, na kila pigo la soko linafika kwenye kikapu cha sadaka. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya DAP ulipanda ukapita shilingi laki moja, mpaka serikali ilipoleta ruzuku. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44; aliyekuwa amewakopesha wateja wake wa Chitipa alilipwa noti zilezile, lakini alipozibadilisha Isongole hazikutosha kununua mzigo mwingine. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi, na ingawa zuio letu liliondolewa baada ya siku chache, ndizi na nyanya hazijui kusubiri mazungumzo ya mawaziri. Mwezi Januari wa mwaka huohuo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za makanisa Afrika Mashariki zilizokuwa zikiitegemea kwa dawa na mishahara zikatikiswa.

Katika nyakati kama hizi tunaambiana tumtumaini Mungu. Ni kweli, na sina neno lingine la kuwaambia. Lakini tumtazame Yeremia alivyofanya, maana kutumaini kwake kuna mambo ambayo mahubiri yetu mengi huyaruka.

Kwanza alipima fedha kwenye mizani. Akaandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi. Kulikuwa na nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, na zote mbili akamkabidhi Baruku mwana wa Neria mbele ya Hanameli, mbele ya mashahidi waliotia sahihi, na mbele ya Wayahudi wote waliokuwa wameketi uwandani. Kisha akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Huyu ni nabii aliyesikia sauti ya Mungu kwa masikio yake! Kama kuna mtu angeweza kusema imani yangu inatosha, karatasi za nini, ni yeye. Badala yake, sehemu kubwa ya simulizi ni habari za hati, kiasi cha fedha, majina na mahali pa kutunzia. Roho Mtakatifu hakuona aibu kutuhifadhia kumbukumbu za malipo ndani ya Maandiko.

Ndiyo maana nasikia uchungu uchumi unapobana na kitu cha kwanza kufungwa kanisani kinakuwa daftari la mapato na matumizi. Taarifa ya fedha haisomwi tena mbele ya washarika. Mnada wa kuku na mkungu wa ndizi unafanyika baada ya ibada, fedha inapatikana, na Jumapili inayofuata hakuna anayetaja ilikwenda wapi. Waumini wakiuliza wanaambiwa wana roho ya manung'uniko. Nani alimshtaki Yeremia kwa kukosa imani pale alipoita mashahidi?

Tena kuna mwinjilisti. Huyu anapanda milima ya Bundali kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, anazika, anaombea wagonjwa, anafundisha watoto, na posho yake haijafika tangu mvua zilipoanza. Anaambiwa amtumaini Bwana. Anayemwambia hivyo ana mshahara. Huduma inayojisifu kwamba inaishi kwa imani huku inamwacha mtumishi wake ale kwa madeni dukani haijamtegemea Mungu bado. Imetegemea uvumilivu wa mke wa mwinjilisti. Ni afadhali baraza la wazee likae, liahirishe kununua vipaza sauti vipya, na kumpa mtu huyu hata madebe ya mahindi na nusu ya posho mbele ya mashahidi, kuliko kumpa ahadi iliyopambwa kwa mistari ya Biblia.

Wako pia wanaokuja na dawa nyepesi: panda mbegu ya fedha leo, Mungu atakurudishia mara mia kabla mwezi haujaisha. Yeremia hakuahidiwa hivyo. Hakuambiwa kwamba akinunua shamba majeshi yataondoka. Aliambiwa mji utaanguka, na utateketezwa kwa moto, na baadaye, baada ya miaka mingi, nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii. Shekeli zake 17 hazikumnunulia nafuu yoyote yeye mwenyewe.

Sehemu inayonigusa zaidi inaanzia mstari wa 16. Baada ya kumkabidhi Baruku hati, ndipo Yeremia akaomba. Akaanza kwa kukiri kwamba hakuna jambo lililo gumu kwa Bwana, akasimulia uumbaji na kutoka Misri, halafu moyo ukafunguka: tazama maboma haya, tazama upanga na njaa na tauni, nawe umeniambia nijinunulie shamba kwa fedha, wakati mji umetiwa katika mikono ya Wakaldayo! Alikuwa amekwisha kutii, na bado haelewi. Mungu hakumkemea kwa swali hilo. Alimjibu kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe: je, kuna jambo lolote lililo gumu kwangu? Basi mhazini wa kanisa anayelipa posho ya mwinjilisti kwa fedha ya mwisho, kisha anakwenda nyumbani kulia mbele za Mungu usiku kucha, hajapungukiwa imani. Yuko mahali alipokuwa nabii.

Nchi yetu ya kusini imewahi kuliona jambo hili. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na kazi ikaenea mpaka milima ya Ileje. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na wamisionari wale wakaondolewa kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Noti za muda ambazo serikali ya Kijerumani ilizichapa vitani, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, zikapoteza thamani. Aliyekuwa nazo alibaki na karatasi. Huko Ujerumani kwenyewe mfumuko wa bei ulifikia kilele mwaka 1923, fedha za wafadhili zikawa si kitu. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia usimamizi kutoka ng'ambo ya mto Songwe, lakini walikuwa wachache na nchi ni pana. Waliokuwa wakifungua milango ya makanisa kila Jumapili ni waalimu na wazee wenyeji. Wamisionari waliporudi, karibu miaka 10 baada ya kuondolewa, walikuta kanisa lipo, linasali.

Sitaki kuipamba habari hiyo. Waliteseka, na bila shaka shughuli nyingi zilikufa. Lakini nakataa kuamini kwamba wazee wale waliendelea kwa sababu walikuwa na hesabu nzuri ya mwaka unaofuata. Kila juma walitii kwa kile kilichokuwepo. Yeremia naye hakulilima shamba lake. Mji ulipoanguka alibaki na mabaki ya watu, kisha wakamchukua pamoja nao kwenda Misri, na Maandiko hayasemi kwamba alirudi. Ukifungua Ezra sura ya 2, kwenye orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli ambayo wengi wetu tunaisoma haraka, mstari wa 23 unasema watu wa Anathothi walikuwa 128.

Tuombe.

Bwana Mungu, unaijua bei ya mahindi Itumba na unalijua deni la mwinjilisti wetu dukani. Tupe wazee wasioogopa kufungua daftari. Tupe mkono wa kutoa kilichopo, kwa kipimo cha haki. Uwakumbuke ndugu zetu ng'ambo ya mpaka, ambao shida yao na yetu ni moja. Nasi tukikulilia baada ya kutii, kwa sababu bado hatuoni njia, utusikilize kama ulivyomsikiliza mtumishi wako katika uwanda wa walinzi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.