Mgema na Mnazi wa Pili

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na nadhani ndiyo inayotutia uvivu wa kufikiri. Msanii akitoa albamu ya kwanza ikapendwa, ya pili haijamaliza hata wiki, vijiweni utasikia: "Aa, huyu naye keshalewa sifa. Ile ya kwanza ilikuwa bomba, hii maji matupu." Kesi imekwisha. Hakuna aliyeuliza kama kweli mgema katia maji, au kahamia mnazi mwingine.

Mimi swali hilo linanisumbua. Msikilizaji ana haki gani juu ya kazi ya pili ya msanii? Na je, ana wajibu wowote, au wajibu wote ni wa msanii peke yake?

Mfano wangu nautoa mbali, Washington, mji mkuu wa Marekani, kwa kundi la Fugazi. Nimewachagua kwa sababu jamaa hawa walijaribu, kwa vitendo, kulegeza ile kamba ya muuzaji na mnunuzi inayomfunga msanii kwa msikilizaji wake. Sasa kamba ikishalegea, maoni ya msikilizaji yanasimama juu ya nini?

Kwa asiyewajua: Fugazi walianza 1987. Ian MacKaye na Guy Picciotto waliimba na kupiga gitaa, Joe Lally alishika besi, Brendan Canty akawa kwenye ngoma. MacKaye alikuwa ametoka Minor Threat, kundi la hadikoo, yaani ile panki ya mbio na makelele ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fugazi hawakuitupa hasira ya hadikoo, ila waliipunguzia mwendo. Waliiachia nafasi ya kupumua, na besi ikaanza kutembea kwa mwendo unaokumbusha rege. Albamu yao ya kwanza kamili, Repeater, ilitoka 1990. Ya pili, Steady Diet of Nothing, ilitoka 1991 ikiwa na nyimbo 11. Jina lake ni kama kusema mtu anashindia hewa siku zote.

Na kweli, wako wasikilizaji waliosema wameshindishwa hewa. Maoni juu ya albamu hii yamegawanyika kwa miaka zaidi ya thelathini. Kambi ya kwanza inasema kavu: ngoma hazina kishindo, magitaa kama yamewekwa nyuma ya pazia, ule moto wa Repeater hauonekani. Kambi ya pili inasema ukavu ndio ujumbe wenyewe. Tazama majira, wanasema. Mapema 1991 Marekani ilikuwa inaingia vitani Iraq. Tarehe 12 Januari mwaka huo, siku chache kabla mabomu hayajaanza kuanguka, Fugazi walipiga muziki nje, katika bustani iliyo mbele ya Ikulu, kuipinga vita hiyo. Ndani ya albamu kuna wimbo unaotetea haki ya mwanamke juu ya mwili wake, kuna unaomwelekea William Brennan, jaji wa Mahakama ya Juu aliyestaafu 1990, na wa mwisho unatuhimiza tusifumbe macho. Muziki wa majira kama hayo, wanauliza, ulitakiwa uwe mtamu? Kambi ya tatu inakaa katikati: nyimbo ni nzuri, ila hazikurekodiwa vizuri, ukitaka kuzijua, zisikilize zikipigwa jukwaani.

Kambi hii ya tatu ina ushahidi. Safari hii kundi halikuwa na mtayarishaji wake wa mwanzo, Ted Niceley. Kazi hiyo waliifanya wenyewe. Baadaye na wao walionyesha kwamba hawakuridhika sana na namna sauti zilivyochanganywa. Kwa hiyo anayesema "pana kasoro" hasemi uongo. Hilo tulikubali mapema, tusije tukageuka mawakili wa msanii.

Lakini kuna neno jingine huwa linatoka midomoni mwa mashabiki wa aina zote duniani, nalo ndilo linalonichoma: "wametusaliti". Tusimame hapo kidogo. Usaliti hauwezi kuwapo pasipo ahadi. Huwezi kumwita msaliti mtu ambaye hakukuahidi kitu. Je, Fugazi waliahidi nini?

Waliahidi mambo yanayohesabika. Kiingilio cha maonyesho yao kwa kawaida kilikuwa dola 5. Watu wa umri wowote waliruhusiwa kuingia. Hawakuuza fulana zenye jina lao. Rekodi zao zilitoka kwa Dischord, kampuni ndogo ya hapo hapo mjini ambayo MacKaye aliianzisha na Jeff Nelson mwaka 1980, na kampuni kubwa zilipobisha hodi hazikufunguliwa. Hizo ndizo ahadi, na 1991 zote zilikuwa zimesimama. Mlio wa Repeater haukuwamo katika ahadi hizo. Ule ulikuwa zawadi. Nani aliyewahi kupewa zawadi leo, kesho akaenda kuidai kama deni?

Najua mtu atanijibu: "Bwana wee, nimetoa hela yangu. Mteja ni mfalme." Haya, tumsikilize mfalme. Katika maonyesho ya Fugazi ilikuwapo desturi moja mashuhuri. Mtu akianza kurusha ngumi na mateke hata akawa anaumiza wenzake, walisimamisha muziki na kumsihi aache. Asiposikia, alitolewa nje akiwa amekabidhiwa bahasha, na ndani yake mna dola zake 5. Naiona bahasha ile kuwa ni hoja kamili ya falsafa. Ni kana kwamba wanasema: kama kilichokuleta ni biashara, biashara tumeivunja, hatudaiani. Ukibaki humu ndani, basi wewe ni mmoja wetu, na mmoja wetu hawi mfalme.

Hapo msikilizaji anapoteza kitu na kupata kingine. Anapoteza haki ya kudai mzigo uleule kwa bei ileile. Anachopata ni kikubwa zaidi: haki ya mwenza. Mteja asiporidhika huhamia duka la jirani. Mwenza habanduki, hukaa akakuambia ukweli, na ukweli wake una uzito kwa sababu hakuja kununua. Kwa hiyo sisemi tunyamaze. Kunyamaza mbele ya kazi dhaifu ni dharau, kama kumsifia mgonjwa kwamba amenawiri. Ninachosema ni kwamba mwenza, kabla hajasema, sharti awe amesikiliza kile kilicholetwa. Anayesema tu "si kama ya kwanza" hajatuambia kitu kuhusu ya pili. Ametuambia habari za moyo wake, kwamba bado umekaa kwenye ya kwanza.

Hukumu yangu mimi ni hii. Ngoma za albamu hii kweli zimenyimwa uzito, na zipo nyimbo zinazoanza kama zinakwenda mahali kisha zinachoka njiani. Lakini "Long Division", ule wimbo wa polepole, unanifanya niamini kwamba watu hawa walikuwa wanatafuta kitu ambacho Repeater, pamoja na ukali wake wote, haikuwa na nafasi ya kukisema. Mnazi wa pili huenda haukuwa umekomaa. Maji lakini hayakutiwa.

Na walizidi kupanda minazi mingine. Walitoa albamu nyingine nne, ya mwisho 2001, na hadi walipopumzika baada ya maonyesho yao ya 2002 walikuwa wamepanda jukwaani zaidi ya mara 1000, bila kuandika mapema orodha ya nyimbo za usiku huo. Tangu 2011 wamekuwa wakitoa rekodi za mamia ya maonyesho hayo. Leo mtu anaweza kuusikia wimbo mmoja wa 1991 ukikua mwaka hadi mwaka. Kavu kwenye albamu, mbichi jukwaani, mzito miaka mitano baadaye. Aliyeukatia rufaa siku ya kwanza na aliyeutetea siku ya kwanza, wote wawili walikuwa wanabishana juu ya mche.

Kwa nini nawapeni habari za magitaa ya Washington, nyinyi mnaoshinda na kalamu? Kwa sababu methali ile ya mgema inatungoja na sisi. Kila mmoja wetu ana, au atakuwa na, hadithi ya kwanza iliyopendwa. Washikaji wataikariri, watakuita kwa jina la mhusika wako. Halafu utaandika ya pili, yenye sauti nyingine, na utawaona nyuso zinavyopoa. Wapo wanaorudi mbio hapohapo kuandika ya kwanza kwa mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, hadi wanakauka. Hao ndio waliotia maji kwenye tembo, na cha ajabu ni kwamba tunawapigia makofi, kwa kuwa maji yale yana ladha tunayoijua.

Tena methali yenyewe ina pande mbili, ila upande mmoja tunaupitia mbio. Mgema hakujisifu. Alisifiwa. Na wanaosifu ni sisi. Sifa ikizidi kipimo inakuwa amri, na amri ikishatolewa msanii anageuka mtumwa wa kazi yake mwenyewe.

Basi mwenzako akikuletea hadithi yake ya pili, iweke ile ya kwanza kabatini, funga. Soma hii hadi mwisho. Kisha mwambie ukweli wote, hata ule unaouma, lakini uwe ukweli wa hii. Mwenye hoja tofauti na aandike. Kurasa ni zetu sote.