Malipo Bila ya Mkono: Kulipa kwa Simu na Jambo la Amana



Katika darsa yetu ya baada ya Isha aliinuka kijana mmoja, muuza viatu, akauliza swali lililotufanya tukifunge kitabu tulichokuwa tukikisoma. Alisema kwamba siku mbili kabla ya usiku ule ziliingia katika simu yake shilingi 3,000 kutoka kwa mtu asiyemjua. Hakuutazama ujumbe. Alilipia chakula na nauli kwa simu hiyo hiyo kama ilivyo ada yake, zikatoka shilingi 800. Kisha simu ikalia, na mtu wa upande wa pili akamwambia kwa unyonge kwamba alikosea tarakimu moja alipokuwa akipeleka pesa. Kijana akatazama salio lake, akaona kwamba ni kweli zimo. Akaikata simu. Ikalia tena, asiipokee. Basi akatuuliza: “Pesa hizi sikuziiba, sikumdanganya mtu, wala sikuziomba. Zimekuja zenyewe. Je, si riziki yangu?”

Waliokuwapo waligawanyika. Mmoja alicheka akasema kwamba Mola akitaka kukupa hakuulizi. Mwengine, naye ni mzee wetu tunayemheshimu, alisema kosa ni la simu. Lau watu wangalibaki na pesa za mkononi, balaa hili lisingalikuwapo. Sisi twaona kwamba majibu haya mawili, ijapokuwa yaonekana kuwa mbalimbali, yana ila moja. Kila mmoja amemwondolea mtu mzigo ulio wake: wa kwanza ameusukumia kadari, na wa pili ameusukumia simu.

Natuanze na kauli ya mzee, kwani wako wengi wenye kuisema. Wao huona kwamba pesa ya haki ni ile ishikikayo, na hii ya simu ni upepo tu. Lakini pwani yetu imebadilisha pesa mara nyingi. Wazee wetu walifanya biashara kwa reale za fedha na kwa rupia za Bara Hindi. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyoshika utawala wa pwani hii ilipigisha rupia zake zenye jina la Mombasa. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ikatoka shilingi ya Kenya. Na noti, je, si karatasi? Sote twakumbuka mwaka 2019, zilipotangazwa noti mpya, na noti kongwe za shilingi 1,000 zikakoma kuwa pesa halali ulipokwisha mwezi wa Septemba. Aliyekuwa amezificha chini ya godoro akazisahau, aliamka Oktoba ana karatasi zisizonunua hata sahani ya viazi. Basi noti nayo husimama juu ya ahadi na maafikiano ya watu. Pesa ya simu ni ahadi hiyo hiyo iliyovuliwa karatasi.

Wala si haki kuyakanusha manufaa yake. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kumpelekea mtu aliye mbali. Mwaka 2013 ikaenea njia ya kulipia madukani, na leo hata muuza madafu ameandika nambari yake juu ya ubao. Mnunuzi hubonyeza nambari ya duka, na kiasi, na nambari yake ya siri, na jambo limekwisha. Ndugu zetu walioko Uingereza hawabonyezi hata hizo. Wao huisogeza simu karibu na kijisanduku cha mwenye duka, kiasi cha vidole viwili au vitatu, baada ya simu kuwatambua kwa alama ya kidole au kwa uso. Kadi ya benki hubaki nyumbani, na simu hutoa nambari ya badala ili ile halisi ya kadi isipite dukani. Wakati wa maradhi ya Korona, kuanzia Machi 2020 hata mwisho wa mwaka huo, pesa za kupelekeana zisizozidi shilingi 1,000 ziliondolewa ada katika nchi yetu, ili watu wapunguze kupokezana noti. Mtu hatembei tena na furushi la pesa gizani, wala hagombani na utingo kwa sababu ya chenji. Na kila malipo huandikwa. Nasi umma ambao aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu imekuja kwa ajili ya kuandikiana madeni, haitupasi kukiogopa chombo kiandikacho.

Basi simu si haramu, wala kulipa kwayo si uzushi katika dini. Lakini hapa ndipo wanapoteleza wale wa upande wa pili, wadhanio kwamba chombo kikiwa kizuri, mambo yote yapitayo ndani yake huwa mazuri. Wamesahau kutazama kilichoondoka.

Kilichoondoka ni mkono na uso. Mtu alipolipa kwa sarafu, wawili walisimama wakiangaliana. Aliyetoa alihesabu, na aliyepokea alihesabu. Likitokea kosa, lilionekana papo hapo. Muuzaji alisema, “Mama, umenizidishia,” akarudisha, na kila mmoja akaenda zake. Wako waliorudisha kwa kumcha Mungu, na wako waliorudisha kwa kuona haya tu, kwa kuwa macho ya mwenzake yalikuwa juu yake na jirani amesimama mlangoni. Haya ile ilikuwa mlinzi asiyelipwa. Simu imeleta karani hodari, lakini mlinzi yule imemwachisha kazi. Leo mtu aliye Kisauni hukosea tarakimu moja, na pesa zake zikamwingilia mtu wa Kisumu ambaye hamjui wala hatamwona maisha yake. Ni kweli kwamba simu humwonyesha jina la anayempelekea ili ahakikishe, lakini mwenye haraka hasomi. Na yule aliyeingiliwa na pesa hubaki peke yake na kioo cha simu. Hapo hakuna uso wa kuuonea haya. Palipokuwa na mashahidi wanne au watano, sasa pana shahidi mmoja, naye yumo kifuani mwake.

Kwa hivyo twasema kwamba kulipa kwa simu hakukuipunguza amana hata kidogo. Kumeondoa yale yaliyokuwa yakitusaidia kuitimiza bila ya kutaka. Aliyekuwa mwaminifu kwa kuwa anaonwa, sasa atajijua.

Natumrudie kijana wetu, tuzipime hoja zake na za wenziwe moja baada ya moja.

Yasemwa: “Kosa ni la aliyepeleka, kwa nini hakuangalia?” Naam, alikosea. Lakini kosa la mtu haligeuzi mali yake kuwa yako. Lau ingalikuwa hivyo, kila aliyesahau kofia msikitini angalikuwa amempa aliyekaa karibu naye. Katika fiqhi kuna mlango mzima wa kiokotwa, na aliyeokota mali njiani asiyemjua mwenyewe hulazimishwa kuitangaza na kumtafuta. Sasa huyu mwenyewe hatafutwi, bali ndiye anayetafuta. Anapiga simu mara ya pili na ya tatu. Ikiwa yule amtafutaye mwenye mali hana ruhusa ya kuila, atakuwaje nayo huyu amkimbiaye?

Yasemwa: “Nimekwishazitumia kabla sijajua.” Hapa kuna udhuru, lakini si udhuru wa kila kitu. Kutojua humwondolea mtu dhambi, hakumwondolei dhamana. Atakayevunja mtungi wa jirani kwa bahati mbaya hana dhambi, na mtungi ataulipa. Shilingi 800 zile ni deni tangu saa aliyojua, na shilingi 2,200 zilizosalia si deni, bali ni amana yenyewe, na kila saa anayoikalia baada ya kujua ni saa ya khiyana.

Yasemwa tena, na hoja hii ni ya zama zetu: “Sikuzila mimi, zimeliwa na deni la simu.” Maana tangu Januari 2019 iko njia iitwayo Fuliza, mtu hukamilishiwa malipo hali salio lake halitoshi, kisha pesa yoyote iingiayo hukatwa kulipa alichokopeshwa na ada zake. Basi pesa ya mwenzako huingia, nayo humezwa kabla hujaiona. Twajibu: deni lililolipwa lilikuwa la nani? Lilikuwa lako. Basi mtu asiyekujua amekulipia deni lako bila ya kutaka, na sasa yeye ndiye mwenye kukudai. Mdai amebadilika, deni liko pale pale. Na ikiwa huna, mwambie huna, umpe ahadi ya kweli. Kunyamaza si jawabu la mwenye kudaiwa.

Na yasemwa: “Ni wangapi wasemao wamekosea kumbe ni matapeli?” Hoja hii ni ya kweli, nasi hatutaki uaminifu uwe mlango wa kuibiwa. Wako wapelekao ujumbe wa uwongo uliofanana na wa haki, kisha wakapiga simu wakilia. Wako pia wapelekao pesa za kweli, wakakuomba uzirudishe kwa nambari nyengine, na huku nyuma wameomba malipo yale yabatilishwe, ili wapate mara mbili. Dawa yake si kuikata simu. Dawa yake ni kutazama salio, si ujumbe peke yake. Kisha kumwambia mwenye kudai apite katika njia iliyowekwa na kampuni ya kubatilisha malipo, na wewe ukubali wala usizitumie pesa hizo hata jambo liishe. Hivyo aliye mkweli atapata haki yake, na aliye mwongo hatapata kitu. Hadhari na uaminifu ni ndugu. Asiyetaka kurudisha ndiye awagombanishaye.

Na kwa kuwa tumeitaja njia hiyo ya kubatilisha, kuna uovu mmoja uliozuka ndani yake usiotupasa kuunyamazia. Mtu hununua, akalipa kwa simu, muuzaji akaona pesa zimeingia akampa bidhaa. Akifika kona ya pili, mnunuzi huomba malipo yabatilishwe, akidai alikosea nambari. Wako waitao hayo ujanja wa mjini. Sisi twayaita kwa jina lake: ni wizi, na ni wizi uliopambwa uwongo. Katika Qur-ani kuna sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Mpunjaji wa zamani aliiba nusu ya kibaba. Huyu wa leo hubeba kibaba kizima akaondoka nacho. Na aumiaye aghlabu si tajiri mwenye duka la vioo, bali ni mama wa mahamri ambaye faida yake ya siku nzima haifiki kiasi alichoibiwa. Matunda yake ni kwamba muuzaji sasa humshuku kila mtu, husubiri ujumbe, huita mtoto amsomee, na mnunuzi mwema husimama akitazamwa kama mwizi. Mwovu mmoja amekula mahamri ya mmoja, na itibari ya mtaa mzima.

Tusiwasahau wauzaji nao. Ajuaye kwamba mteja amelipa mara mbili kwa kuwa mtandao ulikwama, akanyamaza akingoja kama atagundua, yu katika hukumu ile ile ya kijana wetu. Na amkataaye bibi mkongwe mwenye sarafu zake kwa kuwa “hapa twapokea simu tu,” amesahau kwamba wepesi uliokuja kwa ajili ya watu haukuja ili uwafukuze walio dhaifu katika wao.

Haya ndiyo tuliyomjibu kijana usiku ule, ijapokuwa si kwa urefu huu. Hakubishana. Alitoka akasimama barazani, akaipiga ile nambari aliyokuwa akiikimbia kwa siku mbili. Aliporudi alitueleza yaliyopita. Alimwambia mwenye mali kwamba ni kweli zilimwingilia, na 800 amezitumia bila ya kujua. Aombe malipo yarejeshwe kwa hizo zilizobaki, naye hatazigusa, na 800 atampelekea kabla ya mwisho wa mwezi. Yule mtu alinyamaza kitambo, hata kijana akadhani simu imekatika. Kisha hakuuliza habari ya pesa. Aliuliza: “Wewe ni nani, ndugu yangu, na watoka wapi?” Kijana akamtajia jina lake na mtaa wake. Mwenziwe naye akajitaja. Alikuwa mlinzi wa usiku, na pesa zile zilikuwa kodi ya chumba anachokaa na watoto wake.

Twawaomba wasomaji wetu walitaamali swali hilo la mlinzi. Watu wawili waliokuwa tarakimu tu, mmoja kwa mwenzake, walijulikana kwa majina siku amana iliporudi. Mkono umeondoka katika malipo yetu, na pengine hautarudi tena. Yaliyokuwa yakifanywa na macho ya watu, sasa yatapasa kufanywa na dhamiri ya kila mmoja wetu, akiwa peke yake, simu mkononi, na Mola wake akimuona.

Mwenyezi Mungu atuafikie katika haki. Amin.