Kitu Kilichookotwa

Swali letu ni hili: mtu akiokota kitu asichokijua, na watu wakasema kina nguvu za ajabu, afanye nini nacho?

Swali hili si la watoto. Hapa Obokote, kama mahali pengine pa Maniema, wachimbaji wengi ni vijana. Mtu achimbaye kila siku, macho yake huzoea kutafuta kitu kimoja kitakachogeuza maisha yake kwa saa moja. Ndipo huja mwingine na kumwambia: hili si jiwe tu.

Tutwae kwanza mfano wa mbali. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijifanya mtu wa hadithi, askari au mchawi. Kwa maneno tu huingia mapangoni, huua majoka, hupata pete na panga zenye nguvu. Lakini pete haijitaji. Yaweza kumlinda aivaaye, yaweza pia kuwa imelaaniwa. Mchawi wa hadithi akitaka kuitambua, kanuni zamdai lulu ya thamani ya vipande 100 vya dhahabu. Naye yuko mezani mwongozaji mmoja aijuaye siri ya pete, wala hana kitu cha kuuza.

Ni mchezo, na wachezaji wajua kwamba ni mchezo. Hata hivyo wana busara moja: hawavai pete kabla ya kuitambua. Sisi hatuna mwongozaji mezani, na joka letu si la hadithi. Basi hatuna budi kuuliza wenyewe maswali matatu.

La kwanza: ni nani atuambiaye, naye apata nini? Mwaka 2009 habari ilienea Saudia kwamba ndani ya cherehani za zamani za Singer mna zebaki nyekundu, yenye uwezo wa kufichua hazina na kuvuta majini. Bei ya cherehani kuukuu ikapanda ajabu. Zebaki hiyo haikuwamo. Zebaki ya kweli, ile ambayo wachimbaji huioshea dhahabu, ina rangi ya fedha, nayo ni sumu. Aliyepata faida ni muuzaji.

Wazee wetu wakumbuka jambo zito zaidi. Mwaka 1964 Wasimba waliingia Kindu wakiamini dawa igeuzayo risasi kuwa maji. Dawa ilikuwa na miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usitazame nyuma. Aliyepigwa risasi akafa, walisema: alivunja mwiko. Tanganyika nako, tangu mwaka 1905, maji ya Kinjikitile yaliaminiwa hivyo hivyo, na watu wengi mno wakafa. Angalieni vema. Dawa ikifaulu, sifa ni ya mganga. Isipofaulu, kosa ni la maiti. Dawa ya namna hiyo haijapimwa hata siku moja, kwa sababu imewekwa mahali ambapo haiwezi kushindwa.

La pili: kitu hiki ni cha nani? Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichunguza jambo hili katika Summa Theologiae. Vito vya ufukoni, visivyowahi kuwa na mwenyewe, ni vya aliyeviokota. Hazina ya kale isiyo na mwenyewe huenda vivyo hivyo, ila ikipatikana katika shamba la mwingine, sheria yaweza kumpa mwenye shamba nusu. Ndiyo maana, asema, yule mtu wa Injili (Mathayo 13:44) alilinunua shamba kwanza. Lakini kitu kilichompotea mtu, ukikiokota kwa nia ya kukificha, umeiba. Kwetu sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yasema mali iliyo chini ya ardhi ni ya Dola. Neno "nimeokota" halitoshi.

Tena kuna vitu ambavyo mwenyewe ndiye maana yake. Jirani zetu Warega walikuwa na chama cha bwami, chenye sanamu ndogo za pembe za ndovu. Kila sanamu ilifuatana na methali na mafundisho, na aliyepitia daraja ndiye aliyefundishwa. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho, nazo sanamu nyingi zikaishia katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Huko zatazamwa na watu wengi, lakini hazifundishi tena kama zamani. Aliyeokota sanamu bila mwalimu ameokota pembe tu.

La tatu: kitu hiki chataka nini kwangu? Hapa ndugu mmoja atatuuliza: "Nanyi Wakatoliki, medali yenu si hirizi?" Swali ni la haki, litaka jibu. Katekisimu ya mwaka 1992 (namba 2117) yakataza kuvaa hirizi. Medali yatukumbusha kusali. Kama Mungu atusaidia, ni Yeye, si shaba. Haimlazimishi Mungu, wala haitupi nguvu juu ya jirani. Mkristo aivaaye medali akidhani shimo halitamwangukia hata asipoweka nguzo, huyo ameigeuza kuwa hirizi, na kosa ni lake.

Simoni mchawi wa Samaria (Matendo 8) alimtolea Petro fedha apate uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali. Simoni aliona uwezo, akauliza bei. Hakuuliza atakuwa mtu wa namna gani.

Basi kijana aliyeletewa kitu cha ajabu na afanye hivi. Akatae kulipa kabla ya kupima. Aulize mwenyewe ni nani, na akijulikana, amrudishie. Na akiambiwa kwamba kitu kile chadai damu, au chadai amchukie mzazi wake kwa jina la uchawi, asitafute alama nyingine. Amekwisha kukitambua. Akiache pale pale, aende zake nyumbani.