Je, Kizuri Kikae Sandukuni?

Mwaka 1937 kampuni ya Hermès ya Paris ilitoa mtandio wake wa kwanza wa hariri, mraba wa sentimita 90, ambao pindo zake hukunjwa na kushonwa kwa mkono. Wako watu wanaoikusanya mitandio hiyo kwa makumi, wala hawaivai. Je, wafanya vema?

Tusiharakishe kuwalaumu. Atunzaye kazi ya fundi huiokoa isipotee. Na sisi nasi tunazo kanga sandukuni zisizoguswa. Lakini hariri yenyewe yatufundisha: ikikaa imekunjwa miaka mingi pale pale, nyuzi hukatika penye mkunjo. Kumbe kuficha si kutunza. Tena viwavi wengi hufa ndani ya vifuko vyao ili uzi upatikane mzima. Kilichogharimu uhai hakistahili giza. Ni kweli, kuvaa nako huchakaza, ila uchakavu huo umekwisha kumfurahisha mtu.

Basi tofauti ni hii: mtunzaji hukitoa, hukivaa, humwazima bintiye siku ya arusi, mchoyo hufurahi kwamba wengine hawana. Tujiulize, ndugu: tulivyo navyo twavitunza, au twawanyima wenzetu?